Hewa na petroli katika injini za D-4, GDI na TSI: ulinganisho wa mipango mitatu

Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, pasibaki mafuta wala oksijeni. Injini zinazopuliza petroli kwenye njia ya hewa, kabla ya valvu, hukaa karibu na namba hiyo kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda (Toyota huziita D-4, Mitsubishi GDI, na Volkswagen huziita TSI zikiwa na turbo) zilileta uhuru mpya, kwa kuwa kompyuta inaweza kuamua si kiasi cha petroli tu bali pia wakati hasa wa kuipuliza na mahali itakapokusanyika. Kutokana na uhuru huo ikazaliwa mipango mitatu tofauti. Anayetaka kununua Noah ya 2002, Mark X ya 2006 au Golf yenye turbo, na hata yule anayefikiria kumruhusu fundi aipange upya programu ya kompyuta ya gari lake, anachagua kati ya mipango hiyo, ingawa wauzaji wengi hawamwambii.

Mpango wa kwanza ni wa matabaka: petroli kidogo sana ndani ya hewa nyingi, ikikusanywa karibu na plagi. Wa pili ni kubaki kwenye uwiano kamili karibu wakati wote. Wa tatu ni uwiano kamili kwenye mwendo mwepesi, kisha kuongeza petroli mzigo unapokuwa mkubwa. Katika maandishi haya nitatumia kipimo cha lamda, ambacho ni uwiano halisi uliogawanywa kwa uwiano kamili. Lamda 1 ni mchanganyiko kamili, zaidi ya 1 ni mchanganyiko mwembamba, chini ya 1 ni mchanganyiko mzito. Kipimo hiki ni salama kuliko kutaja 14.7 kila mara, kwa sababu petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli huwa kamili kwenye takriban 14.1, na fundi anayeng'ang'ania 14.7 kwa mafuta hayo atakuwa anaikondesha injini bila kujua.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo vitano: matumizi ya petroli katika mwendo halisi, nguvu na joto, moshi, uchafu unaojengeka ndani ya injini, na urahisi wa kupima na kurekebisha. Kigezo cha mwisho ndicho ninachokipa uzito mkubwa, kwa kuwa mpango mzuri usioweza kupimwa na gereji iliyo karibu nawe hubaki mzuri kwenye karatasi tu.

Jinsi kila mpango unavyofanya kazi

Katika mpango wa matabaka, nozeli hupuliza petroli mwishoni mwa mkandamizo, sehemu chache za elfu za sekunde kabla ya cheche. Umbo la kichwa cha pistoni na mzunguko wa hewa huisukuma petroli hiyo kuelekea kwenye plagi, ili hapo pawe na mchanganyiko unaoweza kuwaka huku sehemu iliyobaki ya silinda ikiwa na hewa karibu tupu. Mitsubishi ilianza kuuza Galant yenye injini ya GDI mwaka 1996 ikitangaza uwiano unaofika 40 kwa 1, yaani lamda ya karibu 2.7. Toyota ilifuata mwaka huohuo na D-4 katika Corona Premio yenye injini ya 3S-FSE, kisha ikaja 1AZ-FSE. Miaka kumi baadaye BMW na Mercedes-Benz waliurudia mpango huu kwa nozeli za piezo na presha ya baa 200, na safari hii mnyunyizo wenyewe ndio uliopeleka petroli kwenye plagi bila kutegemea sana umbo la pistoni.

Faida ya matabaka haitokani na wembamba wa mchanganyiko peke yake. Kwa kuwa nguvu inadhibitiwa na kiasi cha petroli, trotili, yaani kilango cha kuingizia hewa, inaweza kubaki wazi hata gari likiwa kwenye sailensi (injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na injini haitumii nguvu kuvuta hewa kupitia kilango kilichobanwa. Jambo hilo lina athari moja ambayo wengi hawaitarajii: trotili ikiwa wazi, mvuto wa hewa unaosaidia breki hupungua. Ndiyo maana injini ya aina hii huwekewa sensa inayopima mvuto kwenye kisaidizi cha breki, na kompyuta huacha matabaka kwa muda pale breki zinapouhitaji.

Mpango wa lamda 1 hupuliza petroli mapema, wakati pistoni inashuka ikivuta hewa, ili petroli ipate muda wa kuchanganyika na hewa yote iliyomo. Toyota iliufuata mpango huu katika injini za 3GR-FSE na 4GR-FSE, na hii ya pili ndiyo iliyomo kwenye Mark X ya lita 2.5 iliyotoka mwaka 2004. Msomaji azingatie jambo hili, kwa sababu nchini Kenya na Tanzania neno D-4 hutajwa kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Noah ya 1AZ-FSE ya miaka ya mwanzo na Mark X ya 4GR-FSE zote ni D-4, lakini moja ilipangwa kuchoma mchanganyiko mwembamba na nyingine ilipangwa kubaki kwenye lamda 1. Dalili zake zinafanana kwa baadhi ya mambo na kutofautiana kwa mengine, na tiba zake hazilingani.

Mpango wa tatu ni wa injini nyingi zenye turbo, na ndio ambao mafundi wa kupanga upya programu huushughulikia zaidi. Mwendo wa kawaida ni lamda 1. Ukikanyaga mafuta hadi chini, kompyuta hushusha lamda hadi kati ya 0.85 na 0.90, wakati mwingine chini ya hapo. Ni kweli kwamba mpaka kati ya mpango wa pili na wa tatu si mkali, kwa sababu injini nyingi zinazoitwa za lamda 1 nazo huongeza petroli kidogo kwenye mwendo wa mwisho. Tofauti iko katika kiasi kinachoongezwa na wakati wa kuanza kuongeza.

Matumizi ya petroli

Mpango wa matabaka hushinda kwenye sailensi na mwendo mwepesi, mahali ambapo trotili iliyobanwa hupoteza nguvu nyingi. Kwa maneno mengine, hushinda katika foleni ya Kimara, Dar es Salaam, na katikati ya jiji la Nairobi. Gari likiingia barabara kuu na kukimbia kilomita 110 kwa saa likiwa na abiria saba, kompyuta huacha matabaka na kurudi kwenye mchanganyiko wa kawaida, na faida hiyo hutoweka. Anayesafiri kila wiki kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma asitegemee akiba iliyotangazwa na kiwanda.

Mpango wa lamda 1 hauna akiba ya kushangaza mahali popote, lakini pia hauna mahali unapovuja. Watengenezaji wameufidia kwa njia nyingine, hasa mkandamizo mkubwa. Mazda, kwa mfano, ilifikisha mkandamizo wa 14 kwa 1 kwenye baadhi ya injini za Skyactiv-G, jambo linalowezekana kwa sababu petroli inayogeuka mvuke ndani ya silinda huipoza hewa na kuchelewesha kugonga kwa injini, yaani mchanganyiko kujiwakia wenyewe badala ya kuwashwa na moto wa cheche.

Mpango wa kuongeza petroli hulingana na wa pili kwenye mwendo wa upole. Gharama hujitokeza kwenye mzigo, na hesabu yake ni rahisi: kwa hewa ileile, lamda 0.85 inatumia petroli takriban asilimia 18 zaidi ya lamda 1, na lamda 0.90 inatumia asilimia 11 zaidi. Dereva anayependa kukanyaga mafuta atailipa tofauti hiyo kila anapopita kituoni.

Nguvu na joto

Nguvu ya juu kabisa ya injini ya petroli hupatikana kwenye mchanganyiko mzito kidogo, karibu na lamda 0.86 hadi 0.90. Sababu ni kwamba petroli ya ziada huhakikisha kila chembe ya oksijeni imetumika, na mvuke wake unapoza chumba cha moto, valvu za kutolea moshi na turbo. Kupanda Kitonga huko Iringa na mzigo mzito, gari likiwa na turbo, ni kazi inayoonyesha kwa nini wahandisi waliacha nafasi hiyo ya kupoza. Hata hivyo, injini inayopuliza ndani ya silinda inahitaji ziada ndogo kuliko ile ya zamani, kwa kuwa sehemu ya upozaji imeshafanyika. Fundi anayenakili namba za lamda 0.78 kutoka kwenye injini ya turbo ya miaka ya 1990 na kuziweka kwenye TSI anapoteza petroli, anaongeza masizi na hapati nguvu yoyote ya maana.

Ili kubaki kwenye lamda 1 hata kwenye mzigo mkubwa, joto linapaswa kupunguzwa kwa njia nyingine. Mazda hutumia moshi uliopozwa na kurudishwa ndani ya silinda kwenye injini yake ya turbo ya lita 2.5. Volkswagen iliunganisha njia ya kutolea moshi ndani ya kichwa cha silinda, ambako maji ya rejeta huipoza, katika kizazi cha tatu cha injini yake ya EA888. BMW iliweka mfumo wa kunyunyiza maji katika M4 GTS ya mwaka 2016. Somo la vitendo hapa ni kwamba lamda 1 kwenye mzigo mkubwa hutokana na vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo; kubadilisha namba kwenye programu peke yake, bila vyuma hivyo, ni kuhatarisha turbo na pistoni.

Wengi huogopa kwamba matabaka huunguza injini kwa kuwa ni membamba. Hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Lamda ya 2 na zaidi kwenye mzigo mdogo huwaka kwa ubaridi, kwa sababu hewa ya ziada hubeba joto. Hatari iko kwenye mchanganyiko mwembamba kidogo, lamda 1.05 hadi 1.1, injini ikiwa kwenye mzigo mkubwa: hapo injini hugonga kwa urahisi na oksidi za nitrojeni hufikia kilele. Hali hiyo haipangwi na kiwanda chochote. Huletwa na pampu ya presha iliyochoka, nozeli iliyoziba au sensa ya hewa iliyochafuka.

Mwinuko nao una nafasi yake. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu huko, lakini pia hugonga kwa nadra zaidi, kwa hiyo haihitaji kuongezewa petroli sana. Yenye turbo hulazimika kuzungusha turbo kwa kasi zaidi ili kupata presha ileile, na hewa inayotoka humo huwa ya moto. Programu iliyopangwa Mombasa inapaswa kupimwa tena juu huko kabla ya kuaminiwa.

Moshi na masega

Masega ya kawaida kwenye ekzosi husafisha gesi tatu kwa pamoja: kaboni monoksidi, mabaki ya petroli na oksidi za nitrojeni. Huifanya kazi hiyo vizuri katika eneo jembamba sana karibu na lamda 1, na hii ndiyo sababu kubwa ya mpango wa pili kuenea. Mchanganyiko ukiwa mwembamba, oksidi za nitrojeni hupita bila kusafishwa. Mpango wa matabaka huhitaji masega ya pili yanayozihifadhi oksidi hizo, kisha kompyuta huongeza petroli kwa sekunde chache kila baada ya muda ili kuyasafisha. Masega ya namna hiyo hushambuliwa na salfa iliyomo kwenye mafuta, na salfa ikishashika huhitaji joto kubwa kuiondoa. Hii ni moja ya sababu BMW haikuiuza injini yake ya N53 Marekani, ambako petroli ya wakati huo ilikuwa na salfa nyingi kuliko iliyohitajika.

Katika mpango wa tatu, kila sekunde ya kuongeza petroli ni sekunde ambayo kaboni monoksidi hupita kwa wingi. Huongezeka pia masizi madogo mno yasiyoonekana kwa macho, ambayo ni tatizo maalumu la injini zinazopuliza ndani ya silinda, kwa kuwa petroli inayogusa pistoni ikiwa bado majimaji huungua vibaya. Ulaya iliweka kikomo cha chembe hizo kwa injini hizi, na ndiyo maana magari mapya ya huko yana chujio la masizi hata yakiwa ya petroli.

Ninasikitika kila ninapoona masega yamekatwa na kuuzwa kwa ajili ya madini yake. Mpango wowote kati ya mitatu hupoteza maana ya usafi wake siku hiyo, na watoto wanaosubiri daladala kando ya barabara ndio wanaovuta kilichobaki.

Uchafu ndani ya injini

Kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili na moshi unaorudishwa huganda juu yake na kuwa tabaka jeusi gumu. Mipango yote mitatu ina tatizo hili, lakini matabaka huathirika zaidi, kwanza kwa sababu hurudisha moshi mwingi, na pili kwa sababu hutegemea mzunguko sahihi wa hewa ili petroli ifike kwenye plagi. Valvu zikivimba kwa masizi, mzunguko huharibika na gari huanza kumisi kwenye sailensi. Foleni inayolipa mpango huu akiba yake ndiyo pia inayouchafua.

Dawa ya kusafisha inayomiminwa kwenye tangi haifiki kwenye valvu hizo, ingawa inaweza kusaidia ncha za nozeli. Zinasafishwa kwa kufungua njia ya hewa na kukwangua, au kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi. Injini chache zina nozeli za aina mbili, ndani na nje ya silinda, kama 2GR-FSE ya Toyota, na hizo hujiosha zenyewe kwa kiasi kikubwa.

Kwenye mpango wa tatu, jambo la kuangaliwa zaidi ni oili. Vuta stiki ya oili injini ikiwa ya moto: ikiwa kiwango kimepanda badala ya kushuka na kuna harufu kali ya petroli, basi petroli ya ziada au pampu inayovuja inaifanya oili kuwa nyepesi, na turbo haitadumu.

Kupima na kurekebisha

Mpango wa lamda 1 ndio rahisi kupimwa. Mashine ya kawaida huonyesha asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili kurudi kwenye lamda 1. Chukua Mark X inayoonyesha kuongeza asilimia 12 kwenye sailensi, kisha 2 tu kwenye mizunguko 2,500: hapo kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa, labda kwenye mpira uliopasuka, na wingi wake huonekana mkubwa pale injini inapovuta hewa kidogo. Ikionyesha kinyume, ndogo kwenye sailensi na kubwa kwenye mzigo, mashaka yaelekezwe kwenye presha ya petroli au sensa ya hewa. Fundi makini anaweza kufika hapo bila kubadilisha kifaa hata kimoja.

Matabaka hayasomeki kirahisi hivyo. Sensa ya oksijeni ya kawaida, inayoruka kati ya volti 0.1 na 0.9, husema tu kwamba mchanganyiko ni mwembamba. Haisemi ni mwembamba kiasi gani. Fundi asiyejua mpango huu huona volti imelala chini, hudhani kuna hitilafu, na huanza kubadilisha nozeli nzima. Inahitajika sensa ya wigo mpana, pamoja na mashine inayoonyesha injini iko kwenye hali gani kwa wakati huo.

Mpango wa tatu unahitaji pia sensa ya wigo mpana, kwa sababu namba muhimu ziko chini ya lamda 1. Fundi anayesema amepanga programu kwa kusikiliza mlio na kuangalia rangi ya plagi hajapima chochote kinachoweza kuaminiwa kwenye turbo. Dai orodha ya lamda, presha ya reli ya petroli na marudisho ya cheche (kiasi ambacho kompyuta inaichelewesha cheche ili injini isigonge), zilizorekodiwa gari likiwa kwenye mzigo.

Kuchagua kwa kuangalia hali yako

Ikiwa tayari unamiliki D-4 au GDI ya matabaka na inaenda vizuri, hakuna sababu ya kuikimbia. Isafishe valvu na trotili kabla haijaanza kumisi, tumia plagi za aina iliyoandikwa na kiwanda, na nunua petroli kwenye vituo vyenye mauzo mengi. Inamfaa anayeendesha zaidi mjini na mwenye fundi anayeijua injini hiyo kwa jina. Ikiwa fundi wako anaiogopa, itakugharimu hata kama ni nzima.

Ukimiliki BMW yenye N53 ambayo sensa ya oksidi za nitrojeni imekufa, injini hubaki kwenye lamda 1 yenyewe. Wapo wanaoichagua hali hiyo kwa makusudi kupitia programu. Utapoteza sehemu ya akiba ya petroli, lakini kama sehemu ulipo haina vipuri vyake, ni uamuzi unaoeleweka.

Ikiwa unanunua sasa na hutaki kuutegemea ujuzi wa fundi mmoja, tafuta injini ya lamda 1 isiyo na turbo. Kwa Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane, sehemu kubwa ya magari yanayofika bandarini sasa ni ya namna hiyo au ya turbo. Familia inayogawana gari kati ya kazi za mjini na safari za sikukuu itaridhika nayo.

Ikiwa unabeba mizigo, unapanda milima mara kwa mara au unataka nguvu zaidi kutoka kwenye turbo, mpango wa kuongeza petroli ndio unaokufaa, kwa masharti: lamda ya mzigo mkubwa isishuke chini ya kile ambacho joto la ekzosi linadai, oili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, na iwe ya daraja la API SP, ambalo linazingatia tatizo la mchanganyiko kuwaka kabla ya wakati injini ya turbo inapokuwa kwenye mizunguko midogo.

Na ikiwa gari lako lolote kati ya haya linamisi, linatoa moshi mweusi au linakula petroli ghafla, ahirisha uchaguzi wa mpango. Pima kwanza presha ya petroli, hewa inayoingia kwa wizi na hali ya valvu, kisha uangalie tena namba za lamda injini ikiwa imepata moto.